Makaroni ya kuoka na jibini: hesabu ya maji kwanza

Kata kipande cha makaroni ya kuoka, kiweke kwenye sahani, kisha kiangalie. Kikisimama wima, rojo imekishika na jibini linavutika nyuzi nyuzi, ujue mpishi alipima maji. Kikiporomoka na kuacha dimbwi jekundu, maji yalizidi. Kikitoka kikavu na makaroni ya juu yakawa magumu kama kucha, maji yalipungua. Wengi hulaumu oveni, wanaongeza moto au wanaupunguza, na safari ijayo tatizo linarudi vilevile. Kosa lilishafanyika saa nzima kabla, kwenye sufuria ya nyanya na sufuria ya makaroni.

Chakula hiki Waitaliano hukiita pasta al forno, yaani pasta ya oveni. Lakini oveni si lazima. Jiko la mkaa linakioka vizuri sana, na nitaeleza namna, kwa sababu nyumba nyingi za Mwanza zina jiko la mkaa au gesi ya plate mbili na hazina oveni.

Vipimo vyangu ni vya trei ya sentimita 23 kwa 33 yenye kina cha sentimita 6, inayotosha watu wanane. Makaroni gramu 500, yaani pakiti moja ya kawaida. Nyanya mbichi kilo moja na nusu, na kikopo kidogo cha nyanya ya kopo, kile cha gramu 70. Vitunguu maji viwili vikubwa, karoti moja, punje sita za kitunguu saumu, mafuta ya alizeti vijiko vinne vya chakula. Nyama ya kusaga nusu kilo kwa anayetaka nyama. Kwa sosi nyeupe: siagi gramu 50, unga wa ngano gramu 50 (vijiko sita vya chakula vilivyosawazishwa), maziwa mililita 600 na kungumanga kidogo. Jibini gramu 400: mozarela 300, cheda 100. Chumvi, pilipili manga, oregano kavu kijiko kimoja cha chai, na majani machache ya mrehani kama unao uani.

Rojo ya nyanya

Karibu asilimia 94 ya uzito wa nyanya ni maji. Maana yake kilo moja na nusu imebeba maji lita moja na nusu kasoro kidogo, na karibu nusu lita ya maji hayo lazima iondoke kwa mvuke kabla rojo haijagusa makaroni. Ndiyo maana uchaguzi sokoni una uzito. Pale Soko Kuu au Kirumba chagua nyanya ndefu zenye umbo la yai, zilizoiva hadi nyekundu kabisa, nzito mkononi. Hizo zina nyama nene na mbegu chache. Zile za mviringo zenye vyumba vingi vya mbegu ni nzuri kwa kachumbari. Kwa rojo zinakuongezea robo saa jikoni. Wakati wa mvua nyingi nyanya hujaa maji na ladha hupungua, kwa hiyo ongeza kikopo cha pili cha nyanya ya kopo na upunguze nyanya mbichi hadi kilo moja na robo.

Kuna mazoea ya kusaga nyanya, kitunguu, karoti na hoho pamoja kwenye blenda kisha kumimina vyote kwenye mafuta. Kwa chakula hiki acha. Kitunguu kibichi kikisagwa hutoa ukali unaoishia kuwa uchungu. Blenda huingiza hewa hadi nyanya inageuka rangi ya pinki yenye povu. Na kitunguu kilicholowa maji ya nyanya hakikaangiki tena, kinachemka tu. Badala yake, chora alama ya msalaba kwenye kitako cha kila nyanya, zitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 40, zihamishie kwenye maji baridi, menya maganda, kisha zikate vipande vidogo kwa kisu. Maganda yasipotolewa hujisokota kama vijiti vidogo na hubaki mdomoni.

Kaanga vitunguu kwa moto wa wastani dakika 12 hivi hadi viwe na rangi ya dhahabu. Tia karoti iliyokwaruzwa. Yenyewe inaleta utamu unaotuliza uchachu wa nyanya, na kwa kawaida huhitaji sukari. Kitunguu saumu kifuate, nusu dakika tu, kwa sababu kikiungua kinachafua sufuria nzima.

Nyama ya kusaga ikaange peke yake kwenye kikaango kipana, nusu nusu. Ukiijaza yote kwa pamoja inatoa maji na kuchemka ndani yake, inakuwa ya kijivu na laini isiyo na harufu. Subiri maji yakauke, usikie mlio ukibadilika kutoka kuchemka kwenda kukaangika, na uone kahawia chini ya kikaango. Hapo ichanganye na vitunguu.

Sasa nyanya ya kopo. Itie kabla ya nyanya mbichi, ikaange dakika mbili au tatu hadi rangi ipoe kutoka nyekundu kali hadi ya tofali na mafuta yawe mekundu. Ikitiwa baadaye, juu ya majimaji, inabaki na ladha ya bati. Halafu mimina nyanya mbichi, chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga na oregano. Moto mdogo, bila mfuniko, dakika 40 hadi 50. Mfuniko unarudisha maji yote unayojaribu kuyafukuza.

Kipimo cha kuiva si saa. Pitisha mwiko katikati ya sufuria: njia ikibaki wazi kwa sekunde mbili au tatu kabla rojo haijajifunga, na mafuta yakaanza kujitenga pembeni, imetosha. Ionje. Kama bado ni chachu mno, tia magadi soda kiasi cha ncha ya kisu. Itatoa povu kidogo kisha itulie. Usizidishe, maana rojo itakuwa na ladha ya sabuni.

Kuhusu sufuria: asidi ya nyanya hula alumini. Utaona sufuria iliyokuwa nyeusi ndani imekuwa nyeupe inayong'aa, na rojo ina ladha ya chuma. Kwa mapishi ya saa moja haina shida kubwa, lakini usilaze rojo humo hadi asubuhi. Ihamishie kwenye bakuli la kioo, la udongo au la plastiki ya kuhifadhia chakula.

Hoho, mchicha, bilinganya na uyoga vyote ni vibeba maji. Ukivipenda, vikaange pembeni hadi vikauke; mchicha uukamue kwa mkono. Hoho mbichi ndani ya trei itatoa maji yake ikiwa imefunikwa na jibini, na hapo huna la kufanya.

Makaroni

Tazama pakiti kabla ya bei. Neno durum likiwepo, makaroni yametengenezwa kwa ngano ngumu na yatastahimili kupikwa mara mbili. Yale ya unga wa ngano laini hupasuka na kuwa uji ndani ya oveni hata ukifanya kila kitu sawasawa. Umbo nalipenda la mirija yenye mistari iliyokatwa mshazari, kwa sababu rojo inaingia ndani. Ya skrubu yanafaa pia. Tambi ndefu zinaokeka, ila kipande hakikatiki vizuri.

Maji lita tano, chumvi vijiko viwili vya chakula vilivyosawazishwa. Usitie mafuta: yanaelea tu juu, hayazuii kugandana, kisha yanapaka makaroni wakati wa kumwaga na rojo inateleza. Kinachozuia kugandana ni maji mengi na kukoroga katika dakika mbili za mwanzo.

Hapa kanda ya ziwa kuna jambo la kuzingatia. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyumba za vilimani kama Isamilo na Bugando ziko juu zaidi. Kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100 kama Dar es Salaam. Muda ulioandikwa kwenye pakiti unakuwa mfupi kidogo kwetu. Pakiti ikisema dakika 10, makaroni ya kula moja kwa moja yatataka 11 au 12. Ya kuoka unayatoa dakika tatu kabla ya hapo, yaani kama ya nane. Usiamini saa peke yake: kata kipande kimoja. Katikati ya ukuta wake uone alama nyeupe, na jino likutane na ugumu. Ukisema moyoni kwamba haya hayajaiva, umepatia.

Sababu yake ni kwamba makaroni yataendelea kunywa maji ndani ya trei. Pakiti ya gramu 500 iliyotolewa mapema hivyo itavuta tena mililita 150 hadi 200. Yakiwa yameshaiva kabisa, hayana nafasi ya kuvuta, kwa hiyo yanavimba na kulegea na maji ya rojo yanabaki yakizunguka. Yakiwa mabichi na rojo nzito isiyo na ziada, yananyonya kila kitu na unakula chakula kikavu. Ndipo inapokuja kazi ya maji ya makaroni: kabla ya kuchuja, chota mililita 250. Tia 200 kwenye rojo, nyingine akiba.

Mtu atauliza kwa nini ukaushe nyanya kwa dakika 50 kisha uongeze maji. Maji yaliyotoka yalikuwa yanapooza ladha. Haya yanayoingia yana chumvi na wanga, na wanga huo unaifanya rojo ishike makaroni badala ya kujitenga.

Usisuuze makaroni kwa maji baridi, unamwaga wanga huo huo. Yachuje, yatikise mara moja, yatie moja kwa moja kwenye rojo ya moto. Mchanganyiko unapaswa kuonekana umelowa kupita kiasi, rojo ikitambaa ukiinamisha sufuria. Ukionekana sawasawa kwa kula wakati huo, tia ile akiba.

Sosi nyeupe inakwenda haraka. Yeyusha siagi, tia unga, koroga dakika mbili bila kuacha ubadilike rangi. Mimina maziwa baridi kidogo kidogo juu ya unga wa moto huku ukikoroga. Mabonge hutokea maziwa yakimwagwa yote kwa pamoja. Yakichemka, endelea dakika tano kuondoa ladha ya unga mbichi. Chumvi nusu kijiko cha chai, kungumanga mikwaruzo michache. Ipake nyuma ya kijiko, pitisha kidole, na mstari ubaki. Maziwa ya kupima kwa lita yachemshe kwanza peke yake na uyapoze. Kama yanakaribia kuchacha yatakatika hapo, na ni heri yakatike kwenye sufuria yake kuliko kwenye siagi yako. Usimwage maziwa matupu kwenye rojo ya nyanya, asidi itayakata. Yakiwa yameshikwa na unga hayakatiki kirahisi.

Jibini lina mtego wake. Si kila jibini linayeyuka. Lile jeupe linalogandishwa kwa ndimu au siki, na feta pia, huwa laini kwa moto bila kuvutika. Kazi hii ni ya mozarela kavu, ile ya kipande kigumu inayouzwa kwa ajili ya pitsa. Mozarela laini inayouzwa ndani ya maji ina maji mengi. Ukiwa nayo tu, ikate, ifunge kwenye kitambaa safi na uikandamize kwa kitu kizito nusu saa. Cheda inaongeza ladha na rangi, ila ikizidi inatoa mafuta ya njano juu. Nunua kipande ukikwaruze mwenyewe. Lililokwaruzwa kiwandani hupakwa wanga ili lisigandane, na wanga huo unafanya liyeyuke kwa shida. Dukani chungulia pakiti: barafu nyingi ndani au majimaji ni dalili kwamba liliyeyuka likagandishwa tena, labda umeme ulikatika muda mrefu, na likipikwa litakuwa la chengachenga.

Kupanga: paka trei mafuta, tandaza upawa mmoja wa rojo chini. Nusu ya makaroni, nusu ya sosi nyeupe, gramu 150 za mozarela iliyokatwa vipande vya kete, majani ya mrehani. Halafu makaroni yaliyobaki na sosi nyeupe iliyobaki, uifikishe hadi kwenye pembe. Makaroni yaliyochomoza juu bila kufunikwa ndiyo yanayogeuka kucha. Acha sentimita moja ya ukingo ili isifurike.

Oveni iwe imepata moto wa nyuzi 190. Funika kwa foili, oka dakika 20. Toa foili, nyunyiza jibini lote lililobaki, rudisha dakika 12 hadi 15. Jibini la juu likiwekwa tangu mwanzo linashikana na foili, na likikaa nusu saa kwenye moto linakuwa ngozi. Oveni ya gesi yenye moto wa chini tu haipi rangi juu. Pandisha trei kwenye wavu wa juu kabisa katika dakika hizo za mwisho. Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango. Kama pembeni palishaanza kutokota, joto la ndani litamalizia kuivisha, na juu utaparembesha kwa mfuniko wenye makaa.

Kuoka kwa mkaa

Hapa ndipo penye ufundi, na anayejua kupalia moto wa wali ameshajua nusu ya kazi. Tumia nusu ya vipimo kwenye sufuria isiyo na mikono, yenye upana wa sentimita 24. Chukua sufuria kubwa inayoimeza hiyo na kubakiza nafasi ya vidole viwili pande zote. Tandaza ndani yake mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa sentimita tatu. Mchanga wa ufukweni unafaa ukiwa umeanikwa hadi ukauke kabisa, kwa sababu ulio na unyevu unatoa mvuke na chakula kinachemka badala ya kuokwa. Funika, weka jikoni, upate moto dakika 15.

Mkaa wa chini uwe mchache: vipande vitano au sita vilivyokwisha kushika, vilivyoanza kufunikwa na majivu meupe. Wa juu, kwenye mfuniko bapa wa bati, uwe mara mbili yake, na uupange zaidi pembeni kuliko katikati. Wanaoweka moto mkali chini hupata kitako kilichoungua na juu palipopauka. Moto wa juu una kazi ya pili pia: unaufanya mfuniko uwe wa moto hadi mvuke usigande na kudondoka. Ukifunika bila makaa, kama wanavyofanya kwenye jiko la gesi, matone yanarudi juu ya jibini na hesabu yote ya maji inaharibika. Mwenye gesi tu afunge mfuniko kwa kitambaa kikavu, ncha azikusanye juu mbali na moto, kisha akubali kwamba rangi ya kahawia hataipata.

Dakika 25 kwanza. Inua mfuniko wima bila kuuinamisha, majivu yasimwagike, tia jibini, rudisha, ongeza makaa mapya mawili matatu juu, dakika 15 nyingine. Fanya hivyo nje au palipo wazi kabisa; mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na inaua.

Kwa jiko lolote, chomeka kisu katikati, hesabu hadi kumi, uguse ubapa wake kwa uangalifu. Uwe wa moto wa kukufanya uondoe kidole, na pembeni rojo iwe inatokota polepole. Kisha ondoa motoni uache dakika 15 bila kukata. Wakati huo wanga unakaza na makaroni yanamaliza kunywa. Ukikata mara tu kinapotoka, hata kilichopikwa kwa usahihi kitamwaga.

Anayetaka kukipika kwa samaki wa ziwa letu achukue minofu ya sangara, gramu 500 badala ya nyama. Ikate vipande vya sentimita tatu, chumvi na ndimu kwa dakika 15, kisha ikaushe kwa kitambaa hadi isiwe na unyevu. Kaanga kwa mafuta machache na moto mkali, dakika moja na nusu kila upande, uiweke kwenye chujio idondoshe maji yake. Ipange katikati ya matabaka mawili. Usiichemshe ndani ya rojo, itasambaratika na kutoa maji. Acha cheda, inafunika ladha ya samaki, weka mozarela peke yake. Sato ni mtamu lakini minofu yake ni myembamba na vimiiba havishi, kwa hiyo kwa watoto naona sangara ndiye salama zaidi.

Kilichobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kimefunikwa, kiliwe ndani ya siku tatu. Usiku kucha makaroni yatakuwa yamenyonya kila kitu, kwa hiyo wakati wa kupasha nyunyiza vijiko viwili vya maji kwa kila kipande, funika, moto mdogo dakika kumi, na mfuniko utoke dakika mbili za mwisho.